Bei ya kushindwa udiwani Buhongwa

Katika siasa zetu, mtu aliyegombea akakosa husemwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya heshima: kura hazikutosha. Hivyo ndivyo wanavyosema wazee wanapokwenda kumpa pole, na ndivyo anavyosema mwenyewe akiwashukuru waliomuunga mkono. Ya pili ni ya vijiweni na ya kurasa za mbele za magazeti: kabwagwa, kagaragazwa, kaangukia pua. Ile ya kwanza huisha wiki ile ile. Ya pili hukaa naye miaka mitano, naye hana pa kuikimbilia, kwa sababu kata si bunge la mbali. Katika kata kama Buhongwa aliyeshinda na aliyeshindwa wanapanda daladala moja, wananunua dagaa soko moja, wanazika pamoja na wanakaa mikeka ya msiba mmoja. Kila mwaka wa uchaguzi tunanung'unika kuhusu aina ya madiwani tunaowapata jijini Mwanza: huyu hasomi makabrasha, yule haitishi mikutano, mwingine haonekani mpaka fomu zianze kutolewa tena. Nadhani tunaanzia mahali pasipo. Tuanze kwa kuwahesabu wasiochukua fomu kabisa, tujiulize kinachowazuia. Jibu langu ni kwamba bei ya kushindwa imekuwa kubwa mno, na bei hiyo ndiyo inayotuchagulia wagombea kabla hata sisi hatujapanga foleni kituoni.

Sheria yenyewe haina ukali. Anayetaka udiwani anatakiwa awe raia, ametimiza miaka 21, anajua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, ana njia halali ya kujipatia kipato na amedhaminiwa na chama cha siasa. Dhamana anayoweka kwa Tume ya Uchaguzi ni shilingi 5,000, fedha isiyofika nusu ya bei ya kuku wa kienyeji. Kwa masharti hayo, kata yenye walimu wastaafu, wauguzi, mafundi, makatibu wa vikundi vya kuweka na kukopa, madereva waliojenga nyumba kwa jasho lao na akina mama waliosomesha watoto kwa biashara ya mboga ingepaswa kuwa na foleni ya watia nia wa kila namna. Watu wa aina hiyo wapo, na wengi wao hata hufuatwa na majirani wakaombwa wagombee. Wanatabasamu, wanakataa. Tukisema ni waoga tunawaonea. Wamepiga hesabu, na hesabu yao ni sahihi.

Sehemu ya kwanza ya hesabu hiyo ni fedha, nayo haianzii kwenye kampeni bali ndani ya chama. Kwa mgombea wa chama tawala, CCM, kata nyingi huamuliwa katika mchujo na kura za maoni. Wanaokatwa majina au kukosa kura za wajumbe ni wengi kuliko wanaoshindwa siku ya uchaguzi wenyewe. Usemi wa "wajumbe si watu", uliozagaa nchini baada ya mchakato wa 2020, umerudiwa kama utani, lakini ndani yake mna kilio cha watu waliotoa walichokuwa nacho, wakaahidiwa kura na kila mkono walioushika, kisha wakahesabiwa kura za kuhesabika kwa vidole. Ugonjwa huu wa kununua kura ni mkongwe. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilibadilishwa ikaruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, na ilichukua mpaka 2006 kwa Mahakama Kuu kutamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Mwaka 2010 ikapitishwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi inayoweka ukomo wa matumizi. Kuelekea uchaguzi wa 2025, CCM nayo ilipanua idadi ya wanachama wanaopiga kura za maoni, na kupunguza rushwa kulikuwa miongoni mwa sababu. Hatua zote hizo zilikuwa njema. Hata hivyo mtia nia wa kawaida bado anaingia akiamini kwamba mkono mtupu haulambwi, na kwa imani hiyo anauza kiwanja, anaweka pikipiki rehani au anakwenda kwa wakopeshaji wa kausha damu. Akishinda, tutamlipa sisi deni hilo kwa namna tunazozijua. Akishindwa, watalilipa watoto wake. Mtu mwenye busara anayeyaona hayo kwa jirani yake hachukui fomu, na kata inabaki na wenye fedha za kupoteza pamoja na wasio na cha kupoteza.

Sehemu ya pili haiandikwi popote. Aliyegombea akakosa hubandikwa kundi. Mwenye duka anapoteza wateja wa upande wa pili. Mwombaji wa mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, ule wa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, anaanza kujiuliza kama kikundi chake kitapita sasa baada ya katibu wake kushindana na aliyeshinda. Wivu au hujuma isipokuwepo, shaka inatosha kuvunja ushirika. Kwa mwanamke bei hupanda zaidi, maana mwanamume aliyeshindwa huambiwa hakuwa na fedha au hakuwa na watu, ila mwanamke huulizwa alikuwa anatafuta nini, mumewe alikuwa wapi, na nani alimtuma. Hapo ndipo naielewa mantiki ya wanawake wengi hodari wanaoona afadhali viti maalum, ambavyo kwenye halmashauri ni theluthi moja ya idadi ya madiwani wa kata, kuliko kusimama jukwaani kwenye kata. Viti hivyo vimetusaidia na sivipingi. Ila tukijiuliza kwa nini kata nyingi hazijawahi kuwa na diwani mwanamke wa kuchaguliwa, jibu halipo kwenye uwezo wa wanawake.

Sasa tutazame kata inapoteza nini. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 363,452 katika Wilaya ya Nyamagana, ambayo ndiyo eneo la Jiji la Mwanza. Ya 2022 ikahesabu 594,834. Kata ni 18, kwa hiyo kwa wastani diwani mmoja wa Jiji la Mwanza anawakilisha watu wapatao 33,000, na wengi wa wageni wa miaka hiyo 10 hawakwenda kuishi Pamba au Mirongo katikati ya mji. Walikwenda pembezoni, kunakopatikana viwanja. Buhongwa ni mfano wa pembezoni hizo. Ipo kando ya barabara kuu ya kwenda Shinyanga, njia hiyo hiyo inayokwenda Usagara na kukata kuelekea Kigongo, ambako daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025 na kuiweka Buhongwa kwenye mapito ya watu na mizigo ya Sengerema na Geita. Dampo la jiji liko Buhongwa, maana yake taka za Igogo na Mabatini huishia kwa watu wa kata hii. Chanzo cha maji cha Butimba kimejengwa kikiwa na uwezo wa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku, lakini kati ya chanzo na ndoo ya mama anayeishi juu ya mlima wa mawe kuna mabomba, pampu, mita na zamu. Kuna urasimishaji wa makazi, kuna mipaka ya viwanja, kuna barabara ya Buhongwa–Igoma. Kuyajua haya kwenye karatasi ni rahisi. Kuyajua nyumba kwa nyumba ni kazi nyingine.

Kazi hiyo hufanywa na mgombea. Kwa miezi miwili ya kampeni, mtu anayetafuta kura kwa dhati husikia mambo ambayo hakuna afisa wa halmashauri aliyewahi kutumwa kuyasikiliza. Anajua mtaa upi malori ya taka hupita usiku na kumwaga njiani, anajua kaya zipi zimelipia maji na mita hazijafika, anajua kisa cha kila korongo linalokata njia mvua ikinyesha. Katika kila uchaguzi wagombea watatu, wanne au watano hupata elimu hii kwa gharama zao. Mmoja anaapishwa. Wengine wote tunawaambia wakalale nayo. Sijui sekta nyingine yoyote ambayo ingelipia utafiti mara tano ikachoma ripoti nne.

Haikuwa hivi siku zote, na hapa historia inaweza kutusaidia ikisomwa bila kupambwa. Katika uchaguzi wa 1965, wa kwanza chini ya chama kimoja, wagombea wawili wa TANU walisimama kila jimbo lenye ushindani, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Hawakuitisha mikutano yao binafsi. Chama kiliandaa mikutano, wote wawili wakapanda jukwaa moja, wakaulizwa maswali na watu wale wale, na walikatazwa kutumia kabila na dini kuombea kura. Matokeo yake, vigogo walianguka. Paul Bomani, mtu aliyeongoza ushirika wa wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa tangu miaka ya 1950 na aliyekuwa Waziri wa Fedha, alipoteza kiti chake cha ubunge. Rais Nyerere alimteua kuwa mbunge na kumpa wizara ya uchumi na mipango ya maendeleo, na baadaye akaiwakilisha nchi Washington. Wapo watakaosema ule haukuwa uhuru, kwani nje ya TANU hapakuwa na mlango, na majina ya mwisho yaliamuliwa na Halmashauri Kuu. Ni kweli, na sitaki turudi huko. Ninachokiona cha kuokolewa ni kitu kimoja: mgombea wa kawaida hakuhitaji kuuza ng'ombe ili asikilizwe, na aliyeshindwa hakutupwa jalalani pamoja na ujuzi wake.

Zanzibar ilikwenda mbali zaidi, ikaliandika jambo hili katika Katiba. Baada ya kura ya maoni ya Julai 2010, chama kinachoshika nafasi ya pili kikifikisha kiwango kilichowekwa hutoa Makamu wa Kwanza wa Rais. Maalim Seif Sharif Hamad, aliyegombea urais mara nyingi tangu 1995 bila kutangazwa mshindi, alishika nafasi hiyo mara mbili, mara ya mwisho kuanzia Desemba 2020 hadi alipofariki Februari 2021. Utaratibu ule una kasoro zake na umeyumba zaidi ya mara moja. Msingi wake lakini ni wa haki: kura za aliyeshika nafasi ya pili zilipigwa na wananchi, na wananchi hao hawafutiki kwa sababu mtu wao hakutangazwa. Ikiwa visiwa vilivyomwaga damu kwa ajili ya uchaguzi viliweza kukubali hivyo kwa Ikulu, Buhongwa inashindwa nini kwa ofisi ya kata?

Ninachopendekeza ni kidogo kuliko cha Zanzibar. Kamati ya Maendeleo ya Kata, anayoiongoza diwani na ambayo wenyeviti wa mitaa ni wajumbe wake, tayari inaujua utaratibu wa kuwa na waalikwa kutoka asasi na vikundi vya kijamii, watu wanaokaa, wanaosema na wasiopiga kura. Wagombea waliofuata kwa kura waalikwe kwenye kikao cha kwanza baada ya uchaguzi, wakabidhi waliyoyasikia, na muhtasari uandikwe. Waalikwe tena ajenda inapogusa waliyoyafuatilia, liwe dampo au maji. Wakati wa kampeni, mtendaji wa kata aandae walau mkutano mmoja wa pamoja kila mtaa, wagombea wote wakae meza moja, ili asiye na gari la matangazo asikike sawa na mwenye magari matatu. Na vyama vyenyewe, vyote, viache kumfanya aliyeshindwa kura za maoni kuwa mtuhumiwa wa usaliti kabla hajafungua mdomo. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji bajeti mpya.

Najua methali itakayotajwa: fahali wawili hawakai zizi moja. Diwani aliyechaguliwa hatapenda kukaa na mpinzani wake, na huenda mpinzani akakitumia kikao kuanza kampeni ya miaka mitano ijayo. Hofu hiyo ina uzito. Lakini mwalikwa hana kura, hana posho ya diwani na hana saini kwenye hundi yoyote, kwa hiyo hawezi kuuzuia uamuzi wa waliochaguliwa. Anachoweza ni kuuliza swali mbele ya mashahidi. Diwani anayeogopa swali kutoka kwa mtu asiye na kura ana tatizo kubwa kuliko mpinzani. Na kama mpinzani ataanza kampeni mapema kwa kufuatilia mita za maji, basi kampeni ya namna hiyo na iruhusiwe mwaka mzima.

Kuna pia wasemao asiyekubali kushindwa si mshindani, na kwamba mtu anayeogopa kuchekwa hafai uongozi. Methali hii nimeisikia ikielekezwa kwa aliyeshindwa kila mara, kana kwamba ni yeye peke yake anayewajibika. Kukubali kushindwa ni kazi ya watu wawili. Aliyeshindwa akubali matokeo. Aliyeshinda na jamii yake wakubali kwamba aliyeshindwa alikuwa na haki ya kujaribu. Nyamagana inalifahamu jambo hili kuliko majimbo mengi. Mwaka 2010 Lawrence Masha, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alishindwa na Ezekiel Wenje wa Chadema. Miaka mitano baadaye Wenje naye akashindwa na Stanslaus Mabula wa CCM, aliyetokea kwenye udiwani na umeya wa jiji hili hili. Waziri aliondoka kwa kura, mshindi wake akaondoka kwa kura, jiji likaendelea kuuza samaki na kujenga juu ya mawe. Uoga wanaotuhumiwa nao watu wa kata unatokana na madeni na uhasama, na vyote viwili vinaweza kupunguzwa.

Pingamizi zito kuliko yote ni la wanaouliza: kushindwa kupi unakozungumzia, ikiwa matokeo yanajulikana mapema? Sina namna ya kulikwepa, na sitaki. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2014, CCM ilishinda takribani theluthi mbili ya mitaa nchini, na wapinzani wakachukua iliyobaki. Mwaka 2019, baada ya wagombea wengi wa upinzani kuenguliwa na vyama vikubwa kujiondoa, chama tawala kilipata zaidi ya asilimia 99 ya viti. Novemba 2024 kikatangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98. Hakuna anayeweza kunishawishi kwamba wakazi wa miji yetu, waliogawanyika kwa theluthi mwaka 2014, walipata wazo moja ndani ya miaka mitano. Kisha ukaja uchaguzi wa 29 Oktoba 2025, Chadema ikiwa nje ya kinyang'anyiro, na machafuko ya siku ile na zilizofuata yaliyogharimu maisha ya watu, Mwanza ikiwemo. Mgombea aliyeenguliwa kwa kukosea kujaza fomu hakushindwa. Amenyimwa hata haki ya kushindwa, na wapiga kura wake wamenyimwa haki ya kumkataa. Sheria ya uchaguzi ya 2024 iliondoa utaratibu wa kupita bila kupingwa, ikataka mgombea pekee apigiwe kura ya ndiyo au hapana; ni afadhali, ila hapana haina sura, haina sera na haiwezi kuulizwa swali kuhusu dampo. Mlango wa mgombea binafsi nao umefungwa mpaka leo, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitamka tarehe 14 Juni 2013, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila na wenzake, kwamba kuwazuia wasio na chama ni kuvunja haki zao. Kwa hiyo mtu mwema wa Buhongwa aliyekatwa jina na chama chake ana njia mbili tu: kuhama na kuitwa msaliti, au kukaa kimya.

Hoja yangu haidhoofishwi na pingamizi hili; inalitegemea. Kushindwa kuna thamani pale tu ambapo kushinda kuliwezekana, na mkutano wa pamoja wa wagombea hauna maana ikiwa wawili kati yao wameenguliwa juzi yake. Anayetaka wananchi warudi kwenye sanduku la kura badala ya barabarani awaoneshe kwanza, kwenye ngazi ya mtaa na kata ambako kila mtu anamjua mwenzake, kwamba unaweza kugombea dhidi ya mwenye nguvu, ukashindwa kwa haki, ukaamka kesho ukiwa na duka lako, jina lako na nafasi ya kusema kwenye kikao.

Uchaguzi ujao wa serikali za mitaa utakuwa 2029, na wa madiwani 2030. Muda upo. Mtendaji wa kata anaweza kuanza na barua moja ya mwaliko. Nawe msomaji wa Buhongwa, Mkolani, Lwanhima au popote, unamjua mtu wa mtaa wako aliyegombea 2024 au 2025 akakosa. Nenda kamsalimie, muulize alisikia nini alipopita kwenye nyumba zenu, na mwombe aje nalo kwenye mkutano wa mtaa.